Jumba la Schifanoia na Ujira wa Mchoraji

Katika nchi tambarare ya kaskazini mwa Italia, karibu na mto Po, uko mji uitwao Ferrara. Msafiri atokaye Bologna kwa treni hupita kati ya mashamba ya ngano, mahindi na miti ya matunda, wala haoni kilima hata kimoja mpaka afike. Mji wenyewe umezungukwa na ukuta wa matofali wenye urefu wa kilometa 9 hivi, na ndani ya ukuta huo baisikeli hupita huku na huku, za vijana na za wazee, maana hakuna mlima wa kumchosha mtu.

Watu waendao Italia kutazama mambo ya kale hukimbilia Roma, Florence na Venice. Ferrara huiona kwa dirisha la treni tu, kisha huisahau. Hao hukosa jambo moja ambalo mkulima na karani wangelifahamu upesi kuliko watu wengine, kwa kuwa ni habari ya kazi ya mikono na malipo yake. Jambo hilo limo katika jumba liitwalo Schifanoia.

Jumba hilo lilianza kujengwa mwaka wa 1385 kwa amri ya Alberto, mtu wa ukoo wa Este uliotawala Ferrara mpaka mwaka wa 1598. Jina lake lina maana ya kuepuka uchovu wa moyo, yaani ule uchovu umpatao mtu asiye na la kufanya. Halikuwa nyumba ya kukaa daima. Watawala wa Este walikuwa na ngome yao katikati ya mji, yenye minara minne na handaki la maji pande zote, na huko ndiko walikojilinda na adui zao. Schifanoia palikuwa mahali pa karamu, bustani na mazungumzo. Katika miaka ya 1460 Borso wa Este aliliongezea jumba ghorofa ya juu, na katika ghorofa hiyo akafanya ukumbi mkubwa ambao ndio sababu ya watu kwenda huko hata leo.

Kwa nje jumba halimtishi mtu. Mgeni huona ukuta mrefu wa matofali mekundu katika barabara iliyo kimya, na kama si mlango wake angedhani ni ghala. Lakini mlango ni wa marumaru nyeupe iliyochongwa kwa ustadi, na juu yake iko nembo ya ukoo wa Este, na juu ya nembo amesimama mnyama wa hadithi afananaye na farasi, mwenye pembe moja usoni. Watu wa zamani waliamini ya kuwa mnyama huyo akitia pembe yake katika maji mabaya, maji yale husafika. Borso alimchagua awe alama yake kwa sababu nchi ya Ferrara ilijaa vinamasi, naye alijisifu kwa kazi ya kuvikausha vipate kuwa mashamba. Sifa hiyo haikuwa ya uongo. Ila ni vyema kukumbuka kwamba pembe ya mnyama haichimbi mtaro. Mitaro ilichimbwa na watu wenye majembe.

Huyu Borso alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mmoja wa watoto wengi wa nje ya ndoa wa mtawala Niccolò wa Tatu, naye alishika utawala mwaka wa 1450 baada ya ndugu yake kufa. Hakuoa. Alipenda mavazi ya dhahabu, mbwa, farasi na ndege wa kuwindia. Mwaka wa 1452 Kaisari Frederick wa Tatu alimpa cheo cha Duke wa Modena na Reggio, miji miwili iliyo upande wa magharibi. Lakini Ferrara yenyewe ilikuwa mali ya Papa wa Roma, na Borso alingoja karibu miaka 20 kabla Papa hajakubali kumpa cheo cha Duke wa Ferrara. Ukumbi wake ulipopakwa rangi, mnamo mwaka wa 1469 na 1470, alikuwa bado anangoja. Mtu angojaye cheo hupenda sana watu waone jinsi anavyokistahili.

Mgeni akipanda ghorofani na kuingia katika ukumbi huo, uitwao Ukumbi wa Miezi, hujikuta katika chumba chenye urefu wa mita 24 na upana wa mita 11, na kuta zake zinakwenda juu mita 7 na nusu. Kuta zote ziligawanywa sehemu kumi na mbili, kila mwezi sehemu yake, na kila mwezi ukagawanywa tena mara tatu kutoka juu hata chini. Juu kabisa amechorwa mungu mmoja wa Warumi wa kale akipita kwa fahari katika gari lake. Katikati, juu ya rangi ya samawati iliyokolea, iko alama ya nyota ya mwezi ule pamoja na watu watatu wa ajabu. Chini, karibu na macho ya mtazamaji, ni maisha ya duniani, yaani Borso na watumishi wake, mji wake, na wakulima wake shambani.

Hapo chini ndipo mkulima angesimama muda mrefu zaidi. Katika mwezi wa Machi watu wanakata matawi ya mizabibu, mmoja ameinama, mwingine amenyosha mkono na kisu chake, na mtu yeyote aliyewahi kupunguza matawi ya mti wa kuzaa atatambua mara moja kwamba mchoraji aliitazama kazi hiyo vizuri kabla ya kuichora. Katika miezi ya joto nafaka inapurwa. Katika mwezi wa Septemba zabibu zinavunwa. Katika mwezi wa Aprili yako mashindano ya mbio mjini, farasi wanakimbia, punda nao wanakimbia, na mabibi wanatazama kutoka juu ya roshani zao. Mashindano hayo ya Ferrara yangaliko. Hufanywa kila mwaka mwezi wa Mei, na punda hawakuachwa nje, ingawa punda wa Italia kama punda wa mahali pengine popote huenda anapotaka mwenyewe.

Sehemu ya katikati ni ngumu kuifahamu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeifahamu. Wale watu watatu wa ajabu katika kila mwezi ni akina nani? Katika Machi, wa kwanza wao ni mtu mweusi, mwenye macho makali, amevaa nguo nyeupe iliyochanika na kujifunga kamba kiunoni. Anasimama wima juu ya ukuta wa jumba la Kiitalia kana kwamba ni mlinzi. Mwaka wa 1912 mtaalamu mmoja wa Hamburg, jina lake Aby Warburg, alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu katika mji wa Roma akalieleza fumbo hilo. Alionyesha ya kuwa watu hao ni walinzi wa siku kumi kumi, watatu kwa kila alama ya nyota, jumla yao 36; na kwamba habari zao zilitoka katika kitabu cha Abu Ma'shar, mwanachuoni wa falaki aliyeandika kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9. Naye Abu Ma'shar alikuwa amekusanya elimu ya Wahindi, ya Waajemi na ya Wagiriki, na asili ya walinzi wenyewe ni Misri ya kale.

Msomaji wa pwani hatashangaa sana. Elimu hiyo hiyo ya buruji ilifika pwani yetu kwa njia ya bahari, na majina yake yamo katika lugha yetu mpaka leo: Hamali, Thauri, Jauza, na mengine hata Hutu. Yule mtu mweusi mwenye kamba kiunoni ni mlinzi wa kwanza wa Hamali. Kwa hiyo mzee wa Lamu ajuaye falaki angeweza kuingia katika ukumbi wa Ferrara akazitaja alama zote bila ya kuulizwa, hali Waitalia wengi waliopita humo kabla ya mwaka wa 1912 walitikisa vichwa tu. Aliyewapangia wachoraji mambo hayo yote alikuwa Pellegrino Prisciani, msomi wa nyumba ya Borso, mtu wa vitabu na nyota. Jina lake litarudi hapa chini kwa sababu nyingine.

Turudi sasa kwa Borso. Amechorwa mara mbili au hata mara tatu katika mwezi mmoja, uso wake ule ule mnene, tabasamu ile ile, vazi la dhahabu. Anatoka kuwinda na ndege mkononi. Anarudi kutoka kuwinda. Anampa mcheshi wake sarafu. Na katika mwezi wa Machi anasimama chini ya tao zuri, watu wake wamemzunguka, naye anasikiliza maombi ya mtu mnyonge. Na juu ya tao limeandikwa kwa Kilatini neno moja tu: HAKI.

Mwezi wa Machi, pamoja na Aprili na Mei, ulichorwa na Francesco del Cossa, mwenyeji wa Ferrara, mtoto wa mwashi. Ukuta wake ndio bora kuliko zote, na mtu hahitaji kuwa mtaalamu ili aone hivyo. Watu wake wana uzito. Nguo zao zinakunjana kama nguo za kweli. Mmoja amechorwa ameketi ukingoni mwa picha, mguu wake ukining'inia nje kana kwamba anataka kushuka sakafuni. Wachoraji wengine walifanya kazi katika kuta zilizobaki, kila mtu na sehemu yake, na malipo ya wote yalikuwa mamoja, yaani bolognini 10 kwa kila futi ya ukuta. Bolognini ni sarafu ndogo ya fedha ya wakati ule. Ukuta ulipimwa kama shamba linavyopimwa, na ujira ukahesabiwa kwa kipimo.

Ili kufahamu yaliyofuata, yafaa kujua jinsi kazi hii ifanywavyo. Fundi hupaka ukutani chokaa iliyochanganywa na mchanga, kiasi kile tu awezacho kukimaliza siku ile ile. Chokaa ikiwa bado mbichi, hutia rangi zilizokorogwa kwa maji. Chokaa inapokauka huzishika rangi zile, zikawa kitu kimoja na ukuta. Akikosea, hana njia ila kubandua na kuanza upya. Iko njia nyingine iliyo nyepesi, nayo ni kungoja ukuta ukauke, kisha kupaka rangi zilizochanganywa na gundi au yai. Kwa njia hiyo fundi hana haraka, na makosa hutengenezeka. Lakini rangi hukaa juu juu, na unyevu ukiingia hubanduka kama ganda la kidonda. Atazamaye siku kazi inapokwisha huenda asione tofauti yoyote kati ya njia hizi mbili. Na kipimo cha futi hakionyeshi tofauti hiyo kabisa.

Tarehe 25 Machi mwaka wa 1470 Francesco del Cossa alichukua kalamu akamwandikia Borso barua. Alikumbusha kwamba siku chache kabla yake alikuwa amepeleka ombi pamoja na wachoraji wenzake juu ya malipo ya ukumbi wa Schifanoia, na kwamba ombi lile halikukubaliwa. Sasa aliandika peke yake. Alisema hataki kumsumbua Pellegrino Prisciani wala wale wengine waliokadiria malipo. Alieleza ya kuwa sehemu tatu zinazoelekea chumba cha nje alizifanya yeye mwenyewe bila ya msaada. Alitumia dhahabu na rangi nzuri, tena karibu zote alizichora juu ya chokaa mbichi, ambayo ni kazi ya hali ya juu, na mabwana wote wa ufundi huo wanajua hivyo. Kwa malipo ya bolognini 10 angepata hasara ya dukati 40 au 50, naye ni mtu aishiye kwa mikono yake.

Lakini jambo lililomuuma zaidi halikuwa fedha. Aliandika ya kwamba yeye, ambaye jina lake limeanza kujulikana kidogo, amehesabiwa sawa na kijana mwanafunzi aliye mbaya kuliko wote katika Ferrara. Tena mtu aliyejifunza, na ambaye hajaacha kujifunza, hapati zaidi ya yule asiyejifunza neno. Mwishoni akaomba kwa unyenyekevu kwamba, kama Bwana wake hapendi kulipa yote, basi ampe sehemu ile atakayoona inafaa, naye ataipokea kama zawadi.

Ni barua nzuri sana. Haina matusi, wala haina machozi ya bure. Kila karani aliyewahi kuandika barua ya kuomba nyongeza ya mshahara ataijua sauti yake, jinsi heshima inavyotangulia, kisha hesabu, kisha lile neno lililochoma moyo, kisha heshima tena. Na mkulima aliyepeleka mazao safi sokoni akaona yanamwagwa katika gunia moja na mabovu, kwa bei moja, hahitaji kuelezwa habari ya Cossa.

Jibu la Borso liliandikwa kwa Kilatini, kwa maneno machache: na aridhike na malipo yaliyokadiriwa, kwa kuwa yalikadiriwa kwa wote waliochaguliwa, kila mtu kwa sehemu yake.

Wako wanaomtetea Borso. Husema mkataba ni mkataba, na kama angemwongeza mmoja, wengine wote wangekuja mlangoni siku ya pili. Katika hoja hiyo mna ukweli. Lakini Borso hakuwa mtu wa kubana fedha. Miaka michache kabla alikuwa ameagiza Biblia iliyoandikwa kwa mkono, juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya elfu moja, kila ukurasa umepambwa kwa rangi na dhahabu. Kazi hiyo ilichukua tangu mwaka wa 1455 mpaka 1461. Na katika mwaka wake wa mwisho, 1471, aliamuru litengenezwe rundo la udongo liwe mlima katika nchi isiyo na mlima, na wakulima wakalazimishwa kuacha mashamba yao wachukue udongo kwa magari yao. Mlima haukumalizika. Papa alimpa cheo cha Duke wa Ferrara mwezi wa Aprili mwaka huo, na mwezi wa Agosti Borso akafa.

Jumba nalo lilipatwa na mengi. Mwaka wa 1598 Papa aliichukua Ferrara mkononi mwake, na ukoo wa Este ukahamia Modena pamoja na hati zake zote. Schifanoia ikapita kutoka mkono hata mkono. Katika karne ya 18 iligeuzwa kuwa kiwanda cha tumbaku, na kuta za Ukumbi wa Miezi zikapakwa chokaa nyeupe. Miungu, nyota, punda, wakulima na Borso mwenyewe wakafunikwa wote, na wafanyakazi wakashughulika na tumbaku yao bila ya kujua ni nani awatazamaye kutoka chini ya weupe ule. Baada ya mwaka wa 1820 watu walianza kuikwangua chokaa kidogo kidogo, na kufikia mwaka wa 1840 picha zilikuwa zimeonekana tena.

Zilizobaki ndizo zilionekana. Mgeni wa leo akizunguka ukumbi atahesabu miezi saba iliyo hai, Machi mpaka Septemba. Ukuta wa Oktoba, Novemba na Desemba, na ule wa Januari na Februari, zimebaki na vipande na madoa tu, maana sehemu kubwa ya kuta hizo ilipakwa rangi juu ya chokaa kavu. Ukuta wa Cossa umesimama na rangi zake. Hata tetemeko la ardhi la mwezi wa Mei 2012, lililopasua nyumba nyingi za Ferrara na kulazimisha jumba litengenezwe upya, halikuubomoa.

Na hata hivyo, kwa muda mrefu baada ya picha kufunuliwa, watu walisema zimechorwa na Cosmè Tura, mchoraji mwingine wa Ferrara aliyekuwa mkubwa katika nyumba ya Borso. Jina la Cossa halikuwamo popote ukutani. Ni katika miaka ya 1880 mtaalamu Adolfo Venturi, aliyekuwa akipekua hati za kale za ukoo wa Este huko Modena, alipoikuta barua ya tarehe 25 Machi 1470. Kumbe makarani wa Borso walikuwa wameiweka vizuri, pamoja na jibu lake. Karatasi ya ombi lililokataliwa ndiyo iliyothibitisha ya nani ni Machi, ya nani ni Aprili, na ya nani ni Mei.

Cossa mwenyewe alikwisha kuondoka zamani. Baada ya kujibiwa alihamia Bologna, mwendo wa kilometa 50 tu, asirudi kufanya kazi Ferrara. Huko alipata wateja. Mwaka wa 1474 aliwachorea wafanya biashara wa mji huo picha kubwa ya Bikira Maria na watakatifu wawili, ambayo ingaliko Bologna. Kisha akaanza kupamba kikanisa cha ukoo wa Garganelli, lakini mnamo mwaka wa 1478 akafa kabla ya kumaliza. Kazi ile ikamaliziwa na Ercole de' Roberti, ambaye wataalamu wengi husema ndiye aliyeuchora mwezi wa Septemba huko Schifanoia alipokuwa kijana, naye pia kwa bolognini 10 kwa futi.